Mifupa ya Chuma kwa Siku Nane

Jumatatu, 7 Oktoba
Barua imetoka zahanati. Chama chetu cha wapanda mlima kitapimwa mifupa Jumanne ijayo. Atakayekutwa na mifupa dhaifu hataongoza msafara wa tarehe ishirini. Atabaki chini kulinda masufuria. Mimi, Ku Bong-sik, miaka sitini na nane, nimeongoza misafara sita mfululizo. Filimbi ya kiongozi ni yangu. Jirani yangu Pyo Deok-su aliisoma barua mara mbili, akaikunja taratibu, akatabasamu. Nalijua tabasamu lile. Anaitaka filimbi.

Mal-sun, mke wangu, amenikumbusha kwamba kwa miaka kumi amenisihi nitembee, niache sigara, nipunguze pombe ya mchele. Nimemwambia miaka kumi ni mingi mno. Nina siku nane. Zinatosha.

Jumanne, 8 Oktoba
Nimenunua miguu ya ng'ombe. Mfupa hujenga mfupa, hilo halihitaji daktari. Nimechemsha tangu alfajiri. Nimekunywa mabakuli saba, kila moja na chumvi ya kutosha, maana bila chumvi ile ni maji ya kuoshea vyombo. Mal-sun akasema muuguzi wa zahanati aliwafundisha kwamba chumvi nyingi huyatoa madini ya mifupa kwa mkojo. Nikamjibu kwamba binti yule mifupa yenyewe ameanza kuwa nayo juzi.

Mchana kutwa niko chooni. Sitaki kufikiria kinachotoka.

Alhamisi, 10 Oktoba
Redio imesema jua la dakika chache kila siku husaidia mifupa. Mimi sina kila siku. Nimejumlisha. Nikapanda juu ya paa nikiwa na bukta tu, nikajilaza katikati ya pilipili zilizoanikwa, nikalala fofofo kwa saa nne.

Upande mmoja umeiva. Jirani wa ng'ambo ya barabara alimpigia Mal-sun simu, akauliza kwa adabu kama mwaka huu tunakausha na wanaume pia.

Jumamosi, 12 Oktoba
Nimempeleleza Deok-su. Saa kumi na mbili asubuhi alitoka na begi la mchanga mgongoni, akapanda ngazi za hekaluni, huku akitafuna dagaa wakavu kama karanga. Nilimfuata hadi ngazi ya ishirini na tatu. Hapo nikakaa, nikawasha sigara ili nipumue vizuri. Bibi mmoja mwenye kapu la kabichi kichwani alinipita, akaniuliza kama nimepotea.

Deok-su alinikuta aliposhuka. Akanieleza kwamba mwaka juzi aliteleza bafuni, kifundo cha mkono kikavunjika, akaogopa, tangu hapo pombe hagusi na kutembea haachi. Akanialika niwe natoka naye kila siku. Nikasema asante, kaka, nitafikiria. Nikafikiria. Hapana.

Jumanne, 15 Oktoba
Ushindi. Mashine inapima kisigino. Kila mtu ana kibao cha namba, na muuguzi wa leo ni mgeni, anajua namba tu, sura hazijui. Deok-su aliinama kuvua soksi, kibao chake kikabaki kwenye benchi. Nikaweka changu, nikachukua chake. Muda wa kupiga chafya.

Matokeo: Ku Bong-sik, mifupa ya kijana. Pyo Deok-su, dhaifu, amwone daktari. Watu wakanipigia makofi. Nikasema siri ni nidhamu.

Ijumaa, 18 Oktoba
Deok-su amekuja nyumbani na mfuko mzima wa dagaa wake. Akasema niwachukue, kwake hawana kazi tena. Kwa siku tatu hakuwa ametoka nje, anaogopa hata ngazi za mlangoni. Mkewe amemtandikia mikeka bafuni. Akatazama visigino vyake.

"Bong-sik, ndugu yangu," akasema, "nilifanya kila walichoniambia. Nilikosea wapi?"

Nilifungua kinywa nimwambie. Kilichotoka ni kwamba pengine ni urithi.

Chakula cha jioni kilinishinda. Dagaa nimewala, lakini bila raha.

Jumapili, 20 Oktoba
Nimeanguka. Si mlimani. Kwenye maegesho ya magari, mahali tambarare kama meza. Nilipuliza filimbi, nikarudi nyuma hatua mbili ili wote wanione, nikajikwaa kwenye kamba ya kiatu changu mwenyewe. Kifundo cha mkono kikalia kama kijiti kikavu.

Deok-su alikuwa kwenye masufuria. Aliacha kila kitu, akanibeba mgongoni hadi kwenye gari, huku mkewe akimlilia anishushe, atavunjika. Hakunishusha. Nikiwa juu ya mgongo ule, ambao haukutikisika hata kidogo, nilimwambia habari za vibao. Alisimama. Akaniweka vizuri mgongoni. Kisha akaendelea kutembea.

Alhamisi, 24 Oktoba
Bado nimelazwa hospitali, plasta hadi kwenye kiwiko. Daktari amepima tena: mifupa yangu ni dhaifu. Ameagiza maziwa, mboga za majani, tofu ya soya, jua kidogo, mwendo wa kila siku, sigara basi, pombe basi. Amesema mifupa haijengwi kwa wiki, na kwamba sijachelewa. Mal-sun aliandika yote.

Deok-su alikuja leo. Filimbi ilikuwa shingoni mwake. Sikuuliza. Alikaa, akanimenyea tunda la persimoni, kisha akasema bila kunitazama kwamba nikitoka hospitali ataningoja langoni kwetu kila siku saa kumi na mbili asubuhi, na nisipotokea atampa Mal-sun ruhusa ya kunimwagia maji. Huyu ni mtu mwema. Nilikaribia kulia.

Alipoondoka, mgonjwa wa kitanda cha pili akaninong'oneza siri ya ukoo wao: maganda ya chaza yaliyosagwa, vijiko viwili kwa siku, na baada ya wiki moja mfupa unakuwa chuma. Hakuna kutembea. Amekunywa tangu ujana. Nikamuuliza mguu wake umefungwa kwa nini. Akasema umevunjika, na hii ni mara ya tatu.

Nimeagiza gunia.