Bwawa la Warumi la Kalama

Jumatatu, 13 Oktoba 2025
Nimegundua bwawa la Warumi. Liko chini ya shamba langu, hapa Kalama. Mto umekauka, mchanga umeshuka, ukuta wa mawe umejitokeza, umebomoka katikati. Nimesoma vitabu vya Warumi hadi majalada yakang'oka. Huu ni mkono wao. Jirani yangu Ndambuki, anayenipinga hata nikisema leo ni Jumatatu, aliuliza Warumi walifikaje Machakos. Nikamjibu kwamba waliofika Misri hawangeshindwa kuufuata mto. Akasema ukuta ulijengwa na mwethya ya akina mama, kwa saruji ya Athi River. Mwethya! Wanakijiji kusaidiana kazi kunaweza kuzaa kitu kama hiki? Nimeandikia gazeti.

Jumanne, 14 Oktoba
Akina mama wamekuja na makarai kuziba pengo kabla ya mvua ya Novemba. Lisipozibwa, mchanga unaokusanyika nyuma ya ukuta hautashika maji na sote tutakunywa vumbi. Naelewa. Lakini historia ni historia. Nimezungusha kamba na kutundika kibao: USIGUSE, MALI YA WARUMI.

Kisha akatokea mwenyekiti wao, Mbithe. Mama mkwe wangu.

Nimewahi kuwanyamazisha madiwani na mapadre. Lakini Mkamba hasimami uso kwa uso na mama mkwe, sembuse kumbishia. Nikajibanza nyuma ya mkonge na kumtuma mke wangu, Nzilani, apeleke hoja. Akarudi na jibu: jiwe kubwa la pembeni mama alilibeba akiwa na mimba ya Nzilani. Nikamwambia arudi aseme maneno matupu si ushahidi. Akakataa. Alisema ushahidi ni yeye.

Alhamisi, 16 Oktoba
Mwethya imeamua kwamba anayezuia kazi hachoti maji. Nzilani amehamia kwa mamake, na mitungi yote. Sijanywa chai tangu jana. Ndambuki amepita na jiwe begani. Aliniita Kaisari, akauliza kama mfereji wangu kutoka Roma umeziba.

Ijumaa, 17 Oktoba
Nimekata kamba. Nimetoa jogoo, ndiyo faini ya kuzuia kazi. Nimebeba mawe, mbali na mama mkwe. Kila aliposogea nilihama, hivyo nilitembea na mawe zaidi kuliko mtu yeyote. Alimtuma Nzilani aniambie nina bidii. Pengo limezibwa. Nzilani amerudi. Chai.

Jumatano, 12 Novemba
Mvua imenyesha. Ukuta umeshika. Gazeti liko kimya, ukweli huwatisha.

Nimetafakari, na mimi si mtu wa kung'ang'ania makosa. Ukuta huu aliujenga mama mkwe. Nakubali. Lakini mawe yamepangwa Kirumi kabisa, na hilo hakuna wa kulifuta. Basi jibu ni moja: Warumi walijifunza kujenga hapa Kalama.

Barua ya pili inaondoka kesho. Shahidi wangu ni mama mkwe. Nione nani atambishia.