Mayai Yananivimbisha

Jumatatu, 3 Agosti

Mimi ni mtoto wa bahati, na anayebisha alete ushahidi. Leo chama cha wafanyabiashara wa soko letu kimechezesha bahati nasibu. Zawadi ya kwanza: safari ya meli ya starehe kwa watu wawili, wiki nzima, kula na kulala humo humo. Namba iliyotoka ni yangu! Soko zima limenuna. Mpinzani wangu wa biashara, yule wa duka la ng'ambo ya barabara tunayemwita Profesa kwa sababu ya miwani, kanipa mkono kama mtu anayeshika samaki aliyelala. Nikamwambia asijali, nitamletea kokoto la ufukweni.

Mke wangu amelia kwa furaha. Chombo pekee cha majini alichowahi kuingia ni beseni. Tangu tuoane namwahidi safari, na kila mwaka inatokea sababu. Nyingine nilizitengeneza mwenyewe.

Jioni kaja shemeji, dada yake mke wangu, kutupongeza. Akakaa. Akauliza kama nina uhakika na bahari, maana amesikia wanaume wenye tumbo kama langu hutapika sana melini. Nikamwambia shemeji, mimi nimetembea dunia hii, bahari inanijua. Nimefika bandarini mara mbili.

Jumanne, 4 Agosti

Msiba. Kumbe meli ina masharti! Karani wa kampuni ya meli kapiga simu asubuhi, sauti tamu ya mtu ambaye hatachomwa yeye. Meli inang'oa nanga tarehe 22. Njiani itapita bandari moja ambako wanadai kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na asiye nayo haruhusiwi hata kupanda kutoka huku. Tena chanjo lazima iwe imemaliza siku kumi mwilini. Nimehesabu kwa vidole, vya miguu vikasaidia. Mwisho ni Jumatano ya wiki ijayo.

Sindano siogopi. Iandikwe. Ila ngozi yangu haipendi vitu vyenye ncha, na mimi ni mtu wa kuisikiliza ngozi yake.

Mchana tukaenda zahanati. Benchi la mbao limejaa watu, ukutani picha ya mbu mkubwa kama mbuzi. Sista mfupi, sauti ya mwalimu wa zamu. Akaanza kutaja chanjo kama mhudumu wa hoteli anavyotaja vyakula vilivyopo. Homa ya manjano, hiyo lazima. Homa ya ini na ya matumbo, hizo ni ushauri, maana mtakula vya kupikwa na watu msiowajua. Pepopunda, kama ya zamani imekwisha nguvu. Mafua, kwa kuwa melini watu wengi wanapumuliana. Na kipindupindu, hiyo ni ya kunywa.

Ya kunywa! Nikasimama. Nikamwomba aniwekee hiyo, hata glasi mbili. Akasema kwa njia tunayopita haihitajiki. Ndiyo dunia. Umtakaye hakutaki.

Nikatoa wazo. Mke na mume ni mwili mmoja. Basi achanjwe mke wangu zote, mimi kinga itanifikia kwa upande wangu. Sista akauliza, mkeo akila huwa unashiba wewe? Benchi zima likaangua kicheko. Mke wangu hakucheka. Akachagua ya manjano, ya ini, ya matumbo na pepopunda, akaingia chumba cha ndani. Kwenye upenyo wa pazia nikamwona anatoa bega kama mtu anayetoa nauli.

Zamu yangu ikafika, mke wangu akiwa ametangulia nje kulipa. Sista akaniuliza maswali pale pale mlangoni. La mwisho: nikila mayai huwa navimba? Maana chanjo ya manjano hukuzwa kwenye mayai ya kuku, na mtu anayedhuriwa na mayai hachomwi hovyo.

Mola hamtupi mja wake! Nikasema navimba, sista. Midomo kama mito. Macho yanapotea. Mara ya mwisho ndugu zangu walinitambua kwa viatu. Nilisema kwa sauti, kwani uongo ukinong'onezwa hauaminiki.

Sista akaweka sindano chini. Akasema pole sana baba, nisiguse mayai wala keki, na Jumatano ijayo mchana daktari atakuja anipime. Akiridhika ataniandikia barua ya msamaha, ingawa wale wa bandari wanaweza kuikataa, na wakiikataa meli nitaisikia kwa honi. Mimi nilisikia neno msamaha tu.

Kazi yangu sikumtajia. Nauza mayai. Duka limejaa trei hadi dari.

Alhamisi, 6 Agosti

Mke wangu nimemwambia sista kaniahirisha kwa sababu damu yangu ina nguvu mno. Asubuhi kaniwekea mayai mawili kama kawaida. Nikala.

Dukani kimya. Mama Mkahawa, mteja wangu mkubwa kuliko wote, hajatuma mtu kuchukua trei zake. Nikamfuata. Kanipokea kwa huruma iliyonitisha, kaniwekea kiti kabisa. Kasema baba, mimi siku ile nilikuwa benchi lile lile zahanati. Sasa kama mayai yako yanakuvimbisha wewe unayelala nayo, wateja wangu yatawafanya nini? Nikamwambia tatizo ni mwili wangu, mayai hayana kosa. Kaliangalia tumbo langu. Kasema mwili huo umefika hapo kwa kula nini?

Swali gumu. Nikaondoka.

Kufika saa sita soko zima lina habari. Profesa katundika ubao: HAPA MWENYE DUKA ANAKULA MAYAI YAKE. Kakaa chini yake kwenye kigoda, anamenya yai taratibu, chumvi kwenye kipande cha gazeti. Kila mteja akipita anauma kidogo. Nimeuza mayai matatu. Moja lilikuwa viza, likarudishwa.

Jioni shemeji yuko sebuleni kwangu na bega lina pamba. Kachanjwa! Zote, na ya mafua juu. Eti tahadhari tu, mtu haijui kesho. Kanunua na kofia, pana kama ungo. Kaijaribu mbele ya kioo changu.

Jumamosi, 8 Agosti

Nimepata dawa. Mjinga hufuta uongo wake. Mwerevu huuhamisha.

Asubuhi nikamwendea fundi cherehani wa jirani, nikamwambia kwa siri kwamba mayai yaliyonivimbisha mimi yalikuwa ya Profesa. Nikamsihi asimwambie mtu. Hiyo ndiyo njia ya haraka ya kutuma habari.

Imefanya kazi! Kufika mchana hakuna aliyenunua kwa Profesa. Hakuna aliyenunua kwangu pia. Watu wamehamia kwa muuza maharage, foleni imezunguka pembe ya jengo. Sikuliona hilo likija.

Alasiri Profesa kavuka barabara. Tangu tufungue maduka hajawahi kuvuka. Nilijiandaa kwa kelele, lakini kavua miwani tu, akawa na macho madogo ya mtu asiyelala. Kaniuliza, jirani, mayai yangu uliyala lini? Kisha kanikumbusha kwamba sote wawili tunaletewa na mfugaji mmoja, gari moja, siku moja. Anashusha trei kwangu, anageuza gari, anashusha kwake.

Nilisahau.

Mke wangu kasikia yote kwa muuza maharage, huku akipimiwa. Kaanzia habari ya damu yenye nguvu, kaja mpaka fundi cherehani. Hakupiga kelele. Kasema njia ya mwongo fupi, na yako imefika mlangoni kwangu. Kasema miaka yote hii nimekungoja unipeleke mahali, popote, hata kituo cha mbele. Jumatano jua likizama huna kadi mkononi, nakwenda na dada yangu. Kisha akaendelea kulikunja gauni lake la safari, taratibu, kama vile gauni ndilo lililoonewa.

Nimejiona mdogo kama yai la njiwa.

Jumatatu, 10 Agosti

Nimekwenda kwa Profesa na kigoda changu mwenyewe. Nimemwambia nimekosa. Kanimenyea yai. Tumekaa tukaitazama foleni ya maharage, watu wawili wazima wenye mayai elfu mbili na hakuna wa kuyala. Kumbe mkewe anamwambia maneno yale yale anayoniambia wangu. Mtu mzuri huyu. Nashangaa kwa nini nilimchukia. Ah, ubao.

Hapo akili yangu ikafanya kazi. Keshokutwa ni siku ya gulio, soko hujaa. Asubuhi tuweke meza katikati ya barabara, tushindane kula mayai ya kuchemsha mbele ya watu wote. Mama Mkahawa awe mwamuzi. Wakituona tunakula na hatuvimbi, biashara itarudi kwa wote wawili. Profesa kakubali papo hapo.

Lakini hilo ni nusu ya mpango. Nusu ya pili sikumwambia. Mchana wa siku hiyo hiyo najifuta mdomo, nakwenda kwa daktari, nalia kwamba mayai yataniua, napewa barua ya msamaha. Bandari itaikubali, kwa nini isiikubali? Nimeshinda soko, nimeshinda sindano, nimemshinda na shemeji. Asubuhi mayai nayala, mchana siyawezi. Nani atajua?

Jumatano, 12 Agosti

Nimetulia sasa. Naandika kwa mkono wa kulia, wa kushoto umepumzishwa kwa heshima.

Watu walijaa hadi juu ya mikokoteni. Mama Mkahawa alimenya yai la kwanza mwenyewe, akalinusa, akalipitisha. Tukaanza. Yai la tatu Profesa alikuwa ananitania kwamba natafuna kama mbuzi mwenye mawazo. La tano hakutania. La sita akaweka mikono mezani, akasema jirani, soko ni lako. Nikaendelea. La saba, la nane. Watu wanapiga makofi! La tisa nikalinyanyua juu wote walione, nikaliingiza zima.

Sauti ikasema nyuma yangu: baba, hilo la ngapi?

Sista. Na kikapu. Kaja kununua trei, daktari mgeni wake anywe chai kwa mayai.

Kiini kilikuwa kidevuni. Nikameza, nikamwambia sista, muujiza, nimepona! Akaangalia saa yake. Akasema basi tusubiri uvimbe. Soko zima likasubiri. Sijawahi kutazamwa midomo na watu wengi kiasi kile. Mtu mmoja alipanda kwenye ndoo. Hakikuvimba kitu isipokuwa tumbo, na hilo lilikuwa na historia yake.

Mama Mkahawa ndiye aliyechoka kusubiri. Aliagiza trei ishirini. Hapo hapo foleni ya maharage ikakatika kama kamba mbovu.

Mke wangu alikuwa ameshanishika mkono mmoja. Profesa akashika wa pili, kwa urafiki, alisema. Tukaenda zahanati na nusu ya soko nyuma yetu. Daktari alicheka mpaka akaomba maji. Hakuandika barua.

Nikakaa. Nikafumba macho. Mke wangu kanipa mkono wake, kasema ushike, mume wangu, nipo. Hakuwa na hasira tena. Hilo ndilo lililonifanya nitulie, si kitu kingine. Nikataja bei za trei kwa sauti, jumla na rejareja, mpaka sista akasema tayari. Mke wangu akasema kwa kuwa bega liko wazi, aongezewe ya ini, ya matumbo na pepopunda. Nikaanza bei za trei upya.

Bega langu zima kabisa. Mkono wa mke wangu, ule nilioushika, umevimba vidole vyote. Sista kaufunga bendeji. Kasema hatimaye amemwona mtu aliyevimbishwa na mayai.

Kadi ninayo! Shemeji kaja jioni, kaigeuza mbele na nyuma, kaisoma mpaka muhuri. Kisha kachukua kofia yake. Mlangoni akairudisha, akamvalisha mke wangu, akasema ukafurahi, mdogo wangu. Nimempelekea trei mbili nyumbani kwake, bila viza hata moja.

Jumapili, 23 Agosti

Melini! Mke wangu tangu alfajiri kasimama kwenye ukingo wa meli na kofia pana, anayacheka maji. Kila dakika ananiita nione kitu. Ni maji tu, lakini nimeona yote.

Ukumbi wa kulia una vioo kila upande. Tatizo moja: kila mlo ni samaki. Mimi napenda nyama. Nikamwita mhudumu pembeni, nikamnong'oneza, hapana, nikamwambia kwa sauti, kwamba mimi nikila samaki navimba. Midomo kama mito. Akashtuka, akakimbilia jikoni. Nimeletewa nyama choma sahani mbili, na mpishi mkuu kaja mwenyewe kunipa pole. Mpango safi kabisa.

Kwenye meza yetu kuna mama mmoja mwenye hoteli kubwa, mtu wa maana. Kaniuliza nafanya kazi gani nyumbani. Habari ya mayai nimeichoka. Nikamwambia mimi ni tajiri wa samaki, jumla na rejareja. Mke wangu akaweka uma chini. Mama yule kafurahi sana. Kasema anatafuta mtu wa kumletea samaki hotelini kwake kila wiki, na leo jioni tuonje pamoja wa humu melini, nimfundishe kuchagua walio bora. Mhudumu alikuwa nyuma yangu, ameshika sahani yangu ya tatu.

Nimemwambia mama yule bila wasiwasi, mimi ni mtoto wa bahati, hata safari hii niliishinda. Mke wangu kanitazama.

Sikuishinda. Tiketi ya bahati nasibu ilikuwa ya mke wangu.