Matangazo Saba na Spana Namba Kumi

Jumatatu, 4 Agosti
Likizo imeanza vizuri! Shangazi ameniomba ninyooshe nidhamu gerejini kwake, maana mimi ndiye msomi wa ukoo. Ijumaa Mama Mikate, mwenye kiwanda cha mikate, analeta gari la majaribio. Likiwa tayari Jumamosi kabla ya saa sita mchana, magari yake yote matatu yatatengenezwa kwetu. Likishindikana, Shangazi atalazimika kuachana na fundi mmoja.

Mafundi ni wawili tu. Mzee Sikio husikiliza injini ikinguruma akakutajia ugonjwa wake. Mwingine ni Haraka, asiye na haraka hata chembe. Atakayeondoka anajulikana.

Haraka aliniuliza kama nimekuja kukagua au kujificha. Watu wazima walioshika nyundo hunitia haya.

Jumanne, 5 Agosti
Dawa nimeipata: matangazo! Karatasi haioni haya. Tangazo Namba 1: Kila chombo mahali pake. Nimechora ubaoni umbo la kila spana, kubwa kwa ndogo. Mzee Sikio alilalamika kwamba miaka ishirini ameokota spana bila kutazama, na leo anatafuta kama mgeni jikoni kwa watu. Mwanzo mgumu.

Tangazo Namba 2: Anayechukua chombo atie saini daftarini. Haraka alitia dole gumba lenye grisi. Likapenya kurasa nne.

Jioni nilisoma kitabu changu cha usimamizi wa karakana. Feni ilikuwa ikinifunulia kurasa ovyo, nikabana ukurasa wa mia na kumi kwa kichuma kilichokuwa mezani. Sura tamu sana: "Kiongozi Huanza na Nafsi Yake."

Alhamisi, 7 Agosti
Balaa! Spana namba kumi haipo. Umbo lake limebaki ubaoni peke yake, kama pengo la jino. Daftarini hakuna saini. Namshuku Haraka. Alikuwa akipiga mluzi, na mtu asiye na kosa apige mluzi wa nini?

Tangazo Namba 3: Mifuko itakaguliwa. Kukagua mwenyewe niliona haya, nikamwachia Shangazi. Mfukoni mwa Haraka: kitana, fyuzi mbili, na picha ya bintiye ndani ya sare mpya ya shule. Roho iliniuma kidogo. Kisha akaniuliza, eti Profesa, na mkoba wako je? Roho ikaacha kuuma.

Tangazo Namba 4: Msimamizi hakaguliwi.

Ijumaa, 8 Agosti
Tangazo Namba 5: Marufuku kutoka getini saa za kazi bila kibali changu.

Gari la mikate limefika. Pedali ya breki inazama kama mguu kwenye tope. Mzee Sikio akasema mirija imeingiwa na hewa, na nati ya kuitolea hewa ni ya namba kumi. Ile ile! Nikabandika Tangazo Namba 6: Koleo la kubania litumike badala ya spana. Haraka alilisoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Mzee akatikisa kichwa, akasema leo koleo likila nati, kesho dereva atakula ukuta. Wakatafuta spana mpaka jioni. Nami nikatafuta, kwa bidii kuliko wote.

Jumamosi, 9 Agosti
Mama Mikate alifika mapema, na sauti yake ni kubwa. Nikaingia stoo kuhesabu matairi. Yalikuwa mawili, lakini nilihesabu kwa makini.

Haraka alinitafuta nimsainie kibali aende kuazima spana kwa jirani. Hakuniona. Akaruka ukuta, akarudi nayo! Baadaye alijitetea kwamba tangazo limetaja geti, ukuta halikuutaja. Ni kweli. Uzembe wa mwandishi.

Mzee chini ya gari, Haraka kwenye pedali. Kanyaga. Shikilia hapo hapo. Achia. Magurudumu yote manne. Saa sita kasoro dakika tano Mama Mikate akaendesha hadi mwisho wa mtaa, akafunga breki, akarudi anacheka. Alisema magari yote yaje Jumatatu, maana amewapenda mafundi wanaokataa koleo. Shangazi akapiga vigelegele. Haraka habanduki! Alimbusu bintiye pichani, kisha akanipa mkono wenye grisi. Nilifurahi mpaka nikasahau kuona haya.

Matangazo yamefanya kazi.

Jumapili, 10 Agosti
Nimefungua kitabu ukurasa wa mia na kumi. Nikaikuta spana namba kumi.

Nimetafakari kwa muda mrefu. Kisha nikaazima ufunguo wa gereji kwa Shangazi, nikaitundika mahali pake na kubandika Tangazo Namba 7: Spana imepatikana. Aliyeichukua amesamehewa. Asirudie.

Ukurasa sasa nimeubana kwa bisibisi ndogo. Inakaa vizuri zaidi.