Uchaguzi wa Kindu na Herufi Isiyotamkwa

Jumamosi, 1 Rajabu 1304

Mkuu wetu wa mji amehama. Amepanda mtumbwi asubuhi, yeye na magodoro yake, kwenda kukaa kwa mwanawe huko mjini Kasongo. Hakuniaga. Najiuliza kwa nini.

Mabwana wa Kasongo wameleta neno: watu wa Kindu wachague mkuu wao wenyewe, Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya sala. Atakayechaguliwa ndiye atakayegawa viwanja vya ukingoni mwa mto. Chuo changu kiko ukingoni. Hapo ndipo ninapofundisha Kurani na sarufi, na upepo wa Lualaba unapita barazani. Hakuna mahali pengine Kindu ambapo mwalimu anaweza kuvaa joho mchana bila kuyeyuka.

Alasiri amepita Sumaili, mwenye mpunga na mitumbwi ya kuvusha watu. Amenisalimu mara mbili. Mara moja ingetosha. Kisha akasema, "Mwalimu, hapa mahali iko muzuri sana." Nikamwambia kwamba mahali ni pazuri, wala si "iko muzuri". Akacheka, akanishukuru. Lakini macho yake yalikuwa yanapima nguzo zangu. Anataka ghala la mpunga.

Nimeamua kuutaka ukuu mimi mwenyewe. Mke wangu, Aziza, ameuliza nani atakuwa upande wangu. Nimejibu: haki. Akauliza haki anakaa nyumba ipi, apelekewe habari mapema.

Jumatatu, 3 Rajabu

Kindu imekwisha kugawanyika. Watu wa Juu, wanaokaa mto unakotoka, wako na Sumaili. Watu wa Chini hawako na mtu yeyote. Wao wanawapinga Watu wa Juu, basi. Nikaona mlango wazi.

Nimewaendea jioni nyumbani kwa Riziki, mkubwa wa wapiga makasia. Nimewaeleza faida za mkuu mwenye elimu. Nimeeleza kwa kirefu, kwa ushahidi. Nilipomaliza Riziki akauliza chakula ni lini. Nikasema chakula kabla ya uchaguzi ni rushwa. Akajibu kwamba Sumaili amewapa Watu wa Juu wali na samaki, na mpaka sasa hajafa mtu. Mzee mmoja nyuma akaongeza, "Maneno yako iko mazuri, Mwalimu, lakini haina mchuzi."

Kisha Riziki akauliza jambo ambalo yeye aliliona kubwa. "Ukipata ukubwa, utatuachia batoto wakati wa samaki?" Maana mto ukijaa wanawahitaji watoto kwenye mitego, nami siwapi ruhusa. Nikamwambia kwamba neno ni watoto. Watoto, si batoto. Nikamtaka alirudie.

Wote wakatazama chini. Nadhani ilikuwa heshima.

Jumatano, 5 Rajabu

Siku ya mafanikio. Mzee Bulaimu, anayetusalisha, ndiye atakayesimamia uchaguzi. Nimemwendea kabla Sumaili hajamwendea. Nilimkuta anakohoa. Alikohoa nilipoingia na akaacha nilipokaa. Nimeliweka hilo moyoni.

Yeye alitaka tupige kura: vijiti ndani ya chungu, atakayetoa kirefu ndiye mkuu, tumwachie Mungu. Nimekataa. Mungu anaweza kumpa Sumaili kijiti kirefu kwa sababu zake ambazo sisi hatuzijui. Akasema basi tufanye kama zamani, kila mtu asimame nyuma ya mtu wake. Nimekataa pia. Watu husimama penye kivuli, na Sumaili ana upenu mpana.

Nikamletea njia yangu mwenyewe. Jina litajwe, na watu wajibu kwa neno moja tu. Anayemtaka mtu aseme "Atufaa". Asiyemtaka aseme "Hatufai". Neno lolote lingine ni batili.

Mzee akauliza ni nani katika Kindu hii anayesema "atufaa". Hapa watu husema "anatufaa". Nikamwambia asiyejua lugha na anyamaze, aliyenyamaza hakosei. Akaitazama sinia yake. Kisha akasema sawa, kwa sababu wali wake ulikuwa unapoa.

Hakuuona mtego. Neno hilo wanalijua watu wa chuoni kwangu peke yao. Sumaili atatajwa, mji mzima utapiga kelele za "anatufaa", na kelele zote zitakuwa batili. Kisha nitatajwa mimi.

Jumapili, 9 Rajabu

Nimewaita wazazi wa wanafunzi niwafundishe neno. Wamekuja watatu. Mmoja alikuja kumtafuta mbuzi wake.

Nilipokuwa katikati ya somo akaingia Sumaili. Akakaa mkekani pamoja na wengine, miguu ameikunja vizuri. Akasema naye anataka kujua kusema. Ningemfukuza kwa sababu gani? Chuo ni chuo. Nikasema "Atufaa". Akasema "Atufaa", safi kabisa, kama mtu aliyezaliwa Unguja. Nikamsifu mbele ya watu kabla sijakumbuka yeye ni nani.

Kisha akauliza, kwa unyenyekevu ulionitia shaka, mtu asiyetakiwa huambiwaje. Nikamfundisha: "Hatufai", na he, herufi ya kwanza, itoke kifuani. Akasema, "Atufai." Nikasema, he. Akasema, "Atufai." Mara nne. Hapo nikafurahi kidogo, maana nimemwona ana ulimi kama wa watu wote wa huku: he huimeza kabla haijafika menoni. Akasimama akaniambia, "Njo ile ile, Mwalimu," akitaka kusema ndiyo ile ile. Nikamweleza kwamba si ile ile hata kidogo. Akanishukuru kwa somo, akaenda zake anajisemea njiani.

Aziza ameuliza kwa nini nimempa adui upanga. Nimemwambia upanga hauna mpini.

Jumatano, 12 Rajabu

Neno limeenea. Asubuhi wapiga makasia walikuwa wanavuka na wimbo mpya, mmoja anaanza na wengine wanaitikia: "Atufai, atufai." Makasia yanashuka pamoja na neno. Inapendeza, ingawa he haimo. Nimeelewa: Riziki na watu wake wanajitayarisha kumkataa Sumaili. Walipopita mbele ya chuo waliongeza sauti ili nisikie. Nimewapungia mkono. Walicheka sana, kwa furaha.

Aziza alisisitiza kwamba nami nitoe chakula. Nimefikiri usiku mzima, nikapata njia: si rushwa ikiwa ni sadaka. Nimechinja kuku, nikawaalika Watu wa Chini. Wamekuja wote, na shemeji zao. Riziki aliiangalia sufuria akauliza kama kuku huyu ameachwa na mama yake. Wamekula walichopata, wamenishukuru, na kabla sijaanza hotuba yangu walikuwa wameondoka.

Nimewafuata kwa mbali. Wamekwenda moja kwa moja upenuni kwa Sumaili. Watu wa Juu walikuwa wameketi, sinia zimejaa. Wakasogea kuwapisha. Watu wa Chini na Watu wa Juu, ambao juzi hawakuwa wakisalimiana hata mazikoni, sinia moja, vidole vinagongana. Ndizo pande zetu hizo. Pande hudumu mpaka wali uive.

Lakini sina hofu. Mtu anaweza kula wali wa Sumaili na kumpa mwalimu neno lake. Nami nimewafundisha neno.

Ijumaa, 14 Rajabu

Naandika kwa hasira na kwa fahari, kwa sababu leo nimechaguliwa na kunyang'anywa katika muda wa sala moja.

Baada ya Ijumaa watu walijaa uwanjani. Wanaume mbele, wanawake nyuma ya mikeka ya ukindu iliyosimamishwa. Mawingu yalikuwa mazito upande wa mto. Mzee Bulaimu akalitaja jina la Sumaili. Mji ukanguruma: "Anatufaa." Juu na Chini pamoja. Kama nilivyotabiri. Nikasimama nikasema neno hilo silo, sauti zote hizo ni batili. Mzee akaniashiria nikae.

Kisha akanitaja mimi. Na hapo, nakiri, nililinyoosha joho. Wakajibu wote, kwa pamoja, wazi, hata ng'ambo ya mto walisikia: "Atufai."

Hakuna hata mmoja aliyesema "anatufaa". Hakuna hata mmoja aliyenyamaza. Walitumia neno la chuoni kwangu, wote.

Mzee akanigeukia akasema kwa upole, "Mwalimu, umesikia. Wanakukataa." Nikamwambia sikusikia hivyo. Kukataa kunataka he. He haikutamkwa na hata mtu mmoja, alete shahidi. Bila he, neno si la kukataa. Sasa, likiwa si la kukataa, ni neno gani? Ni "Atufae". Ni kauli ya dua, kama tusemavyo Mungu atusaidie. Mwisho wa neno umeharibika kidogo vinywani mwao, lakini katika herufi zetu za Kiarabu e na i huandikwa kwa kasra ile ile, kistari kimoja chini ya herufi, kwa hiyo hata mwandishi mwadilifu angeandika vilevile. Watu wote wa Kindu wameomba dua kwamba mimi niwafae. Sumaili hakuombewa na mtu.

Riziki akamuuliza jirani yake, "Anasema nini huyu?" Jirani akajibu, "Anasema tumemupenda." Riziki akaketi chini kabisa, kichwa kati ya magoti, mabega yanatikisika. Sijui kama alikuwa analia.

Ndipo ikatoka sauti moja nyuma ya mikeka. Sauti ya mwanamke, tulivu, lugha safi, he imetoka kifuani kama inavyotakiwa: "Hatufai."

Naijua sauti hiyo. Nala chakula chake kila siku.

Uwanja mzima ulinigeukia. Mzee Bulaimu akauliza kama hiyo he nimeisikia. Nikajibu kwamba nimeisikia, na kwamba haiwezi kutamkwa vizuri zaidi. Lakini "hatufai" ina maana mbili. Ya kwanza, yeye hatufai sisi. Ya pili, sisi hatufai. Mke wangu, kwa unyenyekevu wake, alikusudia ya pili: kwamba sisi watu wa Kindu hatustahili mtu kama huyu.

Mzee akatazama mbinguni. Tone la kwanza likamwangukia usoni. Akasema Sumaili ndiye mkuu, wassalamu, na kila mtu akimbie mvua.

Jumamosi, 15 Rajabu

Nimemuuliza Aziza alikusudia maana ipi. Ameuliza mimi naipenda ipi. Nikasema ya pili. Akasema basi ni hiyo, na nile chakula kabla hakijapoa.

Nilijua.

Asubuhi hii Sumaili amekuja na watu wake kukihamisha chuo. Nilisimama mlangoni nikauliza kwa amri ya nani. Akajibu, "Kwa amri yangu, Mwalimu, na unisamehe." Kuomba msamaha ni dalili ya hatia. Akasema mitumbwi ya mpunga haina mahali pa kushusha, na kwamba kiwanja kipya ni kipana kuliko hiki. Akasema pia kwamba makuti mapya atayatoa yeye. Kwa nini atoe makuti? Mtu aliyeshinda kwa haki hatoi makuti.

Wameng'oa nguzo moja moja, kwa adabu. Riziki alibeba kiti changu kichwani. Nilitembea nyuma yao na vitabu kifuani, katikati ya mji, na watu walitoka milangoni kutazama. Hakuna aliyecheka. Hilo liliniumiza zaidi, sijui kwa nini. Nimesimama pale ukingoni kidogo baada ya wote kuondoka. Mashimo ya nguzo yalikuwa yameanza kujaa maji, na upepo ulikuwa bado unapita mahali baraza ilipokuwa.

Jumanne, 18 Rajabu

Kiwanja kipya kiko nyuma ya mashamba ya mpunga, kando ya ziwa la matope. Hakuna upepo. Joho nimelivua. Vyura huanza tunapoanza na hunyamaza tukinyamaza. Nadhani wametumwa. Lazima nikiri kwamba qafu, herufi ya kooni, wanaitamka vizuri kuliko wanafunzi wangu.

Lakini mambo yanageuka. Mji umeanza kujuta. Tangu Ijumaa hakuna anayeniita Mwalimu Sudi tena. Naitwa Mwalimu Atufai. Sokoni, kivukoni, hata mlangoni mwa msikiti. Muuza chumvi ameniambia, "Karibu, Mwalimu Atufai," akatabasamu mpaka meno ya nyuma yakaonekana. Mji mzima haumpi mtu cheo kwa bahati. Sumaili ana ukuu, hana jina.

Na sasa nimesikia kwamba kabla ya Ramadhani atachaguliwa mpiga ngoma ya daku. Nimekwisha kumwandikia Mzee Bulaimu kanuni. Safari hii sitaacha pengo. Kutakuwa na neno moja tu, "Hatufai", na yeyote atakayelitamka bila he atahesabiwa kuwa ameniombea dua. Kwa hesabu hiyo siwezi kushindwa. Sijui kupiga ngoma, lakini hilo ni jambo la baada ya uchaguzi.

Leo watoto walipofika walisimama wote mlangoni, wakanisalimu kwa sauti moja, kama mji ulivyofanya ile Ijumaa: "Shikamoo, Mwalimu Atufai." He haikuwamo. Nimesikiliza kwa makini.

Nimewapa ruhusa waende kwa baba zao, kwenye mitego ya samaki.