Kutoka Ukurasa wa Saba

Jumatatu, 2 Juni

Blogu yangu ya poha, yaani pepeta ya kukaanga, bado iko ukurasa wa saba. Anayefika ukurasa wa saba wa matokeo ya utafutaji amepotea njia. Jirani yetu Mwalimu Nalini, mstaafu, anaandika habari za achari. Yeye ni wa kwanza. Hapa Indore mji mzima unakula poha kila asubuhi, na mtandao unawaletea ndimu za Nalini.

Baba mkwe, mwenye duka la poha, amenipa hadi mwisho wa mwezi ujao. Blogu isipoleta wateja, narudi kwenye karai la kukaangia jalebi, vile vitamutamu vya shira. Nimemweleza kwamba tatizo ni viungo, si vya chakula, vya mtandaoni: blogu za watu wanaoheshimika zikielekeza wasomaji kwako, mtambo wa kutafuta nao unakuheshimu. Akasema heshima haiombwi kwa barua.

Nimetuma barua arobaini.

Jumatano, 4 Juni

Majibu mawili. Daktari wa meno wa Bhopal anaomba nisimwandikie tena. La pili lilikuja kwa miguu. Mwalimu Nalini alisimama getini, simu mkononi.

"Hemant, mwanangu, unasema umeisoma mara tatu makala yangu tamu kuhusu 'weka mada hapa'. Hiyo niliiandika lini?"

Nikasema ni ya zamani. Akaomba nimtafutie. Mke wangu Vaidehi ilibidi aingie ndani acheke.

Jumamosi, 7 Juni

Mkakati mpya: maoni. Kabla ya chakula cha mchana nimeacha maoni kwenye blogu sitini. Habari nzuri sana, imenifurahisha, karibuni na kwangu mle poha. Sikuwa na nafasi ya kusoma kila habari.

Moja ilikuwa tanzia.

Mtoto wa marehemu amepiga simu dukani, akapokea Baba mkwe. Familia inataka kujua ni kipi hasa kilichonifurahisha. Baba mkwe amewapelekea poha ya kulisha msiba mzima. Alinipita mlangoni bila kunitazama.

Jumanne, 10 Juni

Nimempata fundi anayeuza viungo elfu moja kwa mkupuo. Nikauliza kuhusu ubora. Akasema ni bora kabisa, ukivibonyeza vinafunguka. Nimeuza baiskeli.

Alhamisi, 12 Juni

Viungo vimefika. Vyote elfu moja vinatoka kwenye kurasa za dawa ya upara. Hadi saa nne asubuhi simu ya duka, ambayo namba yake iko kwenye blogu, ilikuwa imeita mara ishirini: dawa inapakwa mara ngapi kwa siku? Baba mkwe hana unywele hata mmoja. Alidhani wanamtania, akamjibu kila mmoja ipasavyo.

Jumatatu, 16 Juni

Blogu haipo. Si ukurasa wa saba, si wa sabini. Mtambo umetufuta kwa kosa la kununua viungo, na anwani ya duka imekwenda nayo, maana niliiweka humohumo. Wageni waliokuwa wakitutafuta wameishia kwa mshindani wetu mtaa wa pili. Sufuria tatu za poha zimebaki zimejaa.

Baba mkwe hakufoka. Alikaa juu ya gunia akitazama mlango. Ningependelea afoke.

Alhamisi, 19 Juni

Vaidehi amekwenda kwa Mwalimu Nalini bila kunishauri. Wamerudi wawili.

"Kwanza tuikane hiyo takataka yako," Mwalimu akasema, akavuta kiti changu akakalia.

Wameandika kwa wenye mtambo kuvikataa viungo vyote elfu moja. Kisha Vaidehi akakaa na baba yake, akaandika namna anavyochagua pepeta: anaibonyeza kwa kidole gumba, anasikiliza inavyovunjika. Miaka thelathini anafanya hivyo, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Alizungumza hadi chai ikapoa. Mimi nilipewa kazi ya kushika taa.

Ijumaa, 25 Julai

Mwalimu Nalini aliweka kiungo cha makala ya Vaidehi kwenye blogu yake. Wakaiona watu wa chuo cha kilimo, nao wakaweka chao. Viungo viwili tu, basi. Leo tuko ukurasa wa kwanza, chini ya achari.

Dukani kuna foleni. Wateja wanabonyeza pepeta kwa vidole gumba, Baba mkwe anawasahihisha. Kwenye karai sirudi. Nimemwona akitabasamu, ingawa si kwangu.

"Umeona, Hemant?" Mwalimu akaniuliza. "Ukiandika unachokijua, wenye maarifa watakuelekezea watu wenyewe."

Nikamwambia nimeelewa.

Jumapili, 27 Julai

Nimeelewa kweli. Siri ni chuo.

Kwa hiyo nimefungua chuo. Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Utafiti wa Poha. Kina tovuti, nembo, na mkuu wa chuo, ambaye ni mimi. Kitatuwekea kiungo kila siku, Jumapili viwili. Baba mkwe ni profesa, bado sijamwarifu.

Vaidehi ameiona nembo. Ameuliza wanafunzi watatoka wapi.

Nimemwambia fomu zinatoka kesho.