Kiini Kipya na Kiti cha Bandani

Jumatano, 5 Februari

Joto nyuzi arobaini na moja. Mabega yamechubuliwa na mfuko wa peasi. Huu ni msimu wangu wa nne juu ya ngazi, hapa Australia, mbali na kwetu Tonga, nikichuma matunda ya watu. Lakini leo nimekumbukwa! Saa ya chai Bi Maureen, mwenye shamba, alikuja kutuambia kwamba printa mpya ya lebo haielewani na kompyuta ya banda la kupakia. Kompyuta inataka kiini kipya. Kiini ndicho kinachoamka kwanza ndani ya mashine, kisha kinaamsha mengine. Mwanawe Darren, aliyeiunda, yuko Melbourne. Atakayeiweka sawa atabaki bandani kubandika lebo hadi msimu uishe. Amekaa! Kwenye kiti! Chini ya feni!

Niliinua mkono kabla hajamaliza. Nikasema kule Nuku'alofa nilifanya kazi duka la kompyuta. Si uongo. Nilikuwa nikibeba makasha. Kepueli, ninayelala naye chumba kimoja na ambaye naye anakimezea mate kiti hicho, akauliza mbele ya watu kama makasha yalikuwa yakinifundisha njiani. Wamecheka. Wacheke.

Alhamisi, 6 Februari

Darren ametuma karatasi ya maelekezo. Kiingereza kingi. Nusu naijua, nusu nyingine naikisia. Inasema mashine ina diski mbili pacha: kinachoandikwa kwenye hii huandikwa na kwenye ile, ili moja ikifa kazi isipotee. Nimemwambia Bi Maureen hilo ni jambo dogo. Akasema nifanye Jumamosi alasiri banda likifungwa, kwa kuwa Jumatatu asubuhi lori linakuja na maboksi lazima yawe na lebo.

Kepueli amejitolea kuwa msaidizi wangu. Nimekataa. Fisi akijitolea kulinda mbuzi, funga zizi.

Jumamosi, 8 Februari

Nilianza saa nane mchana. Nilifuata karatasi mstari kwa mstari. Kiini kikaingia kama kisu kwenye papai! Nikaizima mashine, nikaiwasha, nikakunja mikono kama bwana mkubwa.

Skrini nyeusi. Mstari mmoja mweupe: diski hazionekani.

Hazionekani vipi? Mimi naziona! Nikafungua ubavu wa mashine nikazigusa, zote mbili, zina joto. Nikafikiri labda zinagombana, mapacha ni mapacha, nikachomoa waya wa moja. Giza lile lile. Nikaurudisha.

Nikampigia Darren huku jasho likinitiririka. Akauliza kama nilifanya mambo ya upande wa pili wa karatasi.

Upande wa pili!

Akanituliza. Kiini cha zamani hakijafutwa, akasema, kipo kwenye orodha inayotokea mashine ikiwaka. Nikakichagua. Ikaamka! Nikafanya ya upande wa pili, yaani kukifundisha kiini kipya namna ya kuwatambua mapacha. Nikawasha tena. Kiini kipya, hoyee! Ila kwa sababu ya ule waya niliouchomoa, pacha mmoja ameachwa nyuma, inabidi aandikwe upya kutoka kwa mwenzake. Itachukua kama saa thelathini, na hadi iishe, akasema Darren mara tatu, usiguse kitu. Nimeianzisha saa kumi na moja jioni.

Jumapili, 9 Februari

Nilisahau Jumapili! Mimi, mtoto wa Tonga!

Kepueli hakusahau. Kabla ya ibada alimnong'oneza Mzee Sosaia, mhubiri wetu hapa bwenini, kwamba mimi, Lisiate, nimeacha mashine inafanya kazi siku ya Bwana. Mzee akaniita mbele ya wachumaji wote kumi na wanne. Akasema nyumbani hata ndege hazitui Jumapili, sembuse mashine ya lebo. Izimwe.

Niliona kiti changu kinapaa. Nikanusa hewa. Jikoni lu ilikuwa ovenini tangu alfajiri, nyama na tui ndani ya majani ya magimbi. Nikamuuliza Mzee kwa adabu zote nani anafanya kazi humo ovenini. Akasema hakuna mtu, lu inaiva yenyewe. Nikasema, basi na mashine, Mzee wangu, inaiva yenyewe.

Mzee naye akanusa hewa. Akasema, “Haya. Mashine ni lu. Lakini mtu asifunue kifuniko.” Watu wakasema amina. Kepueli alikunja uso kama aliyeng'ata ndimu.

Ibada tatu. Lu mbili. Usingizi mzito. Siku njema kabisa.

Jumatatu, 10 Februari

Saa moja kasoro asubuhi, banda kimya, mashine imezimwa ukutani!

Sikuhitaji kuuliza. Kepueli alikuwa ameshasimama mlangoni, kifua mbele, akimweleza Bi Maureen kwamba jana alipita akakuta taa zinawaka na feni ya mashine inalia bila mtu, akaiokoa isiungue. Bi Maureen alinitazama. Nikawasha.

Ikaamka! Kiini kipya, printa mpya, lebo ya kwanza ikatoka ina moto kama mkate. Kuandikwa kwa pacha kumeanza upya, lakini lori halingojei pacha. Maboksi yameondoka yote.

Bi Maureen akamwambia Kepueli kwamba mtu anayezima kila anachokiona afadhali akae na peasi, maana hazina swichi. Kiti ni changu! Kepueli akaniambia, “Kaa vizuri, kaka, usije ukaanguka.” Wivu huo.

Jumanne, 11 Februari

Saa tatu asubuhi. Nimekaa. Feni iko juu yangu. Chai ya pili. Dirishani namwona Kepueli juu ya ngazi, mfuko umejaa.

Pacha amefika asilimia tisini. Darren amepiga simu kukumbusha nisiguse kitu hadi mia. Nimemwambia asiwe na shaka, sasa mimi ni mtu wa fani.

Mashine imeleta ujumbe. Kuna kiini kipya zaidi, cha wiki hii hii. Nakitaka?

Shuleni kwetu mwenye tisini alipewa zawadi na kupigiwa makofi. Hakuna aliyemngoja afike mia.

Nimebonyeza ndiyo.