Kura Moja, Tiki Mbili

Jumamosi, 4 Oktoba

Nina hofu. Binti yangu anatunza mafaili masjala ya halmashauri, na mkataba wake unaisha mwezi huu. Vyama viwili vimekabana koo. Wanasema kata yetu ndiyo itakayoamua nani aishike halmashauri. Nimemwendea diwani wetu, Mzee Miwani, nikamwahidi kura. Akasema mtoto wangu ni mtoto wake. Nikarudi mwepesi kama pamba.

Njiani nikakutana na Mwalimu, mpinzani wake. Akaniuliza mgongo wangu, unaoinamia cherehani kutwa, unaendeleaje. Miwani hakuuliza mgongo! Nikamwahidi na yeye.

Jumapili, 5 Oktoba

Siku ya kura. Nyuma yangu kwenye mstari, nani? Msusi, jirani yangu! Mpwa wake anaimezea mate kazi ya binti yangu. Akapaza sauti: shoga, leo unakula huku au kule? Nikamjibu mimi nakula kwangu.

Ndani ya kibanda nikaduwaa. Ahadi ni deni, na mimi nina mbili. Nikamwekea Miwani tiki. Nikamwekea na Mwalimu tiki, asinune mtu. Nikatoka kichwa juu.

Jumatatu, 6 Oktoba

Mungu wangu! Miwani kaanguka kwa kura moja. Moja! Halmashauri imehamia chama cha Mwalimu. Binti kaja na habari anacheka: kuna mtu kaweka tiki mbili, kura ikaharibika, ingetosha kuleta sare.

Chai ikanipalia.

Akanitazama. Mimi nikamtazama paka. Akauliza taratibu, mama, hizo tiki zilikuwa kubwa au ndogo? Nikasema za wastani.

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanilalia mapajani kama zamani, akasema yatapita. Mwenye kazi ya kupotea ndiye ananibembeleza mimi!

Jumatano, 8 Oktoba

Msusi anatangaza mtaani kwamba mpwa wake anaanza Jumatatu. Nikavaa viatu vya kubana, nikaenda halmashauri kuungama kwa Mwalimu, mwanangu asiponzwe na mkono wangu.

Sikuungama. Wale wapya, waliokuja kupokea ofisi, walikuwa wanahangaika kama waliopoteza mtoto sokoni. Kila mlango unamwita binti yangu. Faili la maji? Rafu ya tatu, chini. La soko? Kabati la bluu, sukuma kwa bega. Hainui hata kichwa. Mtoto niliyemfundisha kuhesabu kwa vifungo vya mashati! Nikasimama koridoni nikilia, mlinzi akaniletea kiti. Nikasahau nilichofuata.

Ijumaa, 10 Oktoba

Binti kaongezewa mkataba wa miaka miwili! Mwalimu kasema bila yule binti wangekuwa bado wanatafuta ufunguo wa choo. Msusi kapita kwangu bila salamu. Raha!

Binti kanishika mabega. Mama, kazi yangu ndiyo iliyoniombea. Usimwendee mtu tena. Nikaapa, mkono juu ya cherehani.

Maskini, hajui dunia. Miaka miwili ni kesho. Mwalimu anaapishwa Jumanne na mkewe hana gauni, nimeshampima. Na wale wa zamani wakirudi je? Nimempima na mke wa Miwani. Jora ni moja, maua ni yaleyale, lakini hawa hata hawasalimiani, watakutania wapi?

Ajabu tu, mke wa Miwani naye anasema gauni lake analitaka Jumanne asubuhi.